Jina Letu kwenye Kodi

Jumanne, jioni

Halafu nikacheka, mjinga mimi.

Rehema, mwalimu wa kompyuta na mpenzi wangu, ndiye aliyeniandikia programu ya kupokea oda za vyungu vya kijiji cha Ikombe. Ndani ya kodi (siyo ya nyumba, ya kompyuta) kila kitu kina jina. Mimi muuzaji aliniita gwakaRehema, jina langu na lake. Alisema kanuni ni kwamba maneno mawili hayaachiwi nafasi katikati. Niliipenda hiyo kanuni kuliko programu yenyewe.

Leo nimemkuta anaandika muuza_vyungu.

"Mwalimu, mimi nimeenda wapi?"

"Kaka Gwaka, jina linatakiwa liseme ukweli. Wewe unauza vyungu."

Kaka. Tangu lini?

"Na lile la zamani?"

"Lilikuwa linadanganya."

Nikamtania kwamba hicho kistari amekiweka kama mpaka wa shamba. Hakucheka.

Alipoiwasha, programu ikagoma. Kumbe mstari mmoja kule chini alisahau kuubadilisha, jina letu bado lipo. Nikacheka, nikamwambia, unaona, hata mashine imekataa.

Akalifuta, akaandika lile jipya. Programu ikafanya kazi vizuri kabisa, na mimi nikamshukuru kwa Kinyakyusa. Ndaga fijo.