Pikipiki Iliyonizidi Kimo

Jumamosi jioni, Kator

Nilipima kila kitu isipokuwa miguu yangu.

Injini ya bodaboda iliyokufa, tangi kutoka skrepa, magurudumu ya porini, springi ndefu za nyuma: miezi minane, mimi karani wa ofisi, nimeokota vipande ili niende kwa mama, kule Nesitu, bila kupanda tena bodaboda za watu. Naziogopa mno. Leo ilikuwa mara ya kwanza kuiendesha, na nilikuwa nimemwahidi fundi wangu, Okot, kwamba nikishindwa tutaifungua na kuuza vipande.

Uwanjani alinishikilia nikapanda, kisha akanisukuma. Ikaenda! Baada ya mzunguko mmoja nikataka kusimama, nikanyoosha mguu. Haukugusa chini.

"Simama!" Okot akapiga kelele.

"Siwezi! Nikisimama naanguka!"

"Karani, wewe iko na miguu ya bata!"

Nikaendelea kuzunguka. Vijana waliokuwa wakicheza mpira wakanipisha. Kina mama wauza chai wakaanza kunihesabia. Kwenye mzunguko wa saba ndipo nilipogundua kwamba aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Mafuta yalipoisha, Okot alinidaka kiunoni kama mtoto.

"Kalas, imetosha," akasema, akihema. "Tuifungue?"

Barabara ya Nesitu ina yale malori, na mashimo, na... Naogopa, sitajidanganya.

Nilimwambia apunguze urefu wa springi. Kidogo tu.