Umunyonza wa Ukingo wa Ruhwa

Jumatatu, 22 Septemba 2025
Nimekunyima kalamu tangu Pasaka, daftari. Uniwie radhi; sina kisingizio, ni uvivu. Leo pana jambo. Mkutano wa kijiji umeamua kuchimba mfereji wa mpunga Jumamosi, siku ya umuganda, kazi yetu ya pamoja. Utapita kwenye ukanda wetu wa mchanga karibu na mto Ruhwa, pale ulipo umunyonza — kichaka cha miiba, maua meupe, harufu tamu. Néhémie, mkuu wa kijiji, aliuliza nani anaafiki king'olewe. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono! Maji kwanza. Kichaka ni kichaka.

Jumanne, 23 Septemba
Dada yangu Umurerwa hasemi nami. Tuliporudi kutoka ukimbizini Bukavu, nyumba ya baba haikuwepo, wala mpaka wa shamba. Yeye ndiye aliyeuona umunyonza akasema: hapa ndipo mama alipotuchumia matunda. Ndivyo tulivyolitambua shamba letu. Nakumbuka. Lakini nina suluhisho. Nimechimbua chipukizi, nimelipanda uani. Samadi ndoo nzima, maji asubuhi na jioni. Litashika — sina shaka.

Ijumaa, 26 Septemba
Chipukizi limegeuka njano. Dada alipita, akacheka. Angalau amecheka! Ati nalilisha kama ndama wa harusi. Ndilo kosa letu wakulima: kila kitu tunakipa samadi. Mmea wa mchangani hautaki wema wa namna hiyo. Hata hivyo kesho nitakwenda na jembe. Nimeshatoa neno.

Jumamosi, 27 Septemba
Mfereji umefika karibu na kichaka, umesimama. Dada ametandika mkeka chini yake tangu alfajiri. Maua yanamwangukia kitambaani. Nani atamgusa bibi wa miaka themanini? Watu wanacheka. Kijana mmoja anamwita:
"Maman, tupishe, mupunga inakufa!"
"Muzunguke. Maji haina mifupa, inajua kujikunja."
Kisha akaniona mimi, mwalimu wa zamani.
"Mwalimu! Si weye ulinyanyua mukono? Kuya unitoshe na ule mukono!"
Ati nije nimwondoe kwa mkono uleule. Kicheko kikubwa zaidi. Néhémie akanivuta kando. Kuzunguka kunawezekana, alisema, lakini mfereji utalipasua katikati shamba langu la maharage. "Ni dada yako, Mzee, na shamba ni lako. Sema weye."
Nimeomba nafasi ya kufikiri. Wote wamekalia vipini vya majembe, wananitazama nikiandika. Nimeketi mkekani — ni magoti tu, si uamuzi. Dada amesogea kunipisha, bila kunitazama. Nitaandika nikishaamua. Jembe langu limebaki ng'ambo ya mfereji.