Kocha, Nipige Wapi?

Papa,

Wavuvi wameanza kuimba sasa hivi, nami nimefunga madirisha yote ya upande wa ziwa. Najua ungenigombeza. Ulizoea kusema nyumba ya Nengo isiyopata upepo wa ziwa ni stoo ya viazi tu. Lakini nikiacha sauti zao ziingie, najua kinachofuata: nitasikia kiti chako kikisogezwa, kisha utaniuliza lile swali lako, na mimi jibu sina. Kwa hiyo nimeona nikuandikie. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho ulichoongea na Mama na ndicho ulichopigia kelele uwanjani. Kinyarwanda chetu kina adabu nyingi mno kwa haya ninayotaka kukuambia.

Habari za hapa si mbaya. Cherehani yangu nimeihamishia sebuleni, wateja wananifuata hapa hapa. Wale wakulima wa Bugeshi uliokuwa ukinunua viazi kwao walishuka siku ya mazishi na gunia zima, wakakataa kuondoka mpaka waone nimevipika. Bado wanakuita Kichwa. Mmoja wao, mzee asiye na jino hata moja, alisimama uani kuwaonyesha vijana jinsi ulivyokuwa ukiruka, akaanguka, tukacheka mbele ya jeneza lako. Samahani. Ilikuwa ni kucheka au kuzimia.

Erike amekuja kutoka Kigali na kurudi. Anataka tuipangishe nyumba, mimi niende kwake. Anasema nimekonda, anasema nyumba inanila. Ndugu yangu ana maneno makubwa tangu anunue gari, lakini safari hii hakukosea sana. Nilimwambia nitampa jibu matanga yakishaanuliwa.

Sasa nikueleze, maana mwenyewe hujui. Hiyo ndiyo shida ya ugonjwa wako, ulikuwa wako lakini tulioukumbuka ni sisi. Daktari alisema huenda ni ile mipira yote uliyopiga kwa kichwa, ile ya ngozi iliyokuwa ikinywa maji ya mvua mpaka ikawa mizito. Au huenda ni uzee tu. Ulianza kwa kusahau bei za viazi. Ukasahau njia ya soko, vijana wa pikipiki wakawa wanakurudisha nyumbani bila kuomba nauli. Halafu ukasahau kwamba Mama, Roza wako, amekufa, na hilo lilinitesa kuliko yote, kwa sababu kila ulipouliza nilimzika upya.

Mwisho ulinisahau hata mimi. Jioni wavuvi wakiingia ziwani na nyimbo zao, wewe ulisikia mashabiki. Ulisimama, ukasogeza kiti, ukavuta soksi ambazo hukuwa umevaa, ukanigeukia.

"Kocha, nipige wapi? Bakwe banaangalia."

Mimi, Klarisa, nisiyependa mpira, ambaye nilikuwa nikizima redio yako kila Jumapili! Nikafanywa kocha. Wakwe gani wanaangalia, nilijua. Hakuna mtu wa Gisenyi wa umri wako asiyeijua penalti ile. Mlicheza na timu ya Goma, ng'ambo tu ya mpaka, na wakati huo huo ulikuwa umepeleka posa Goma, kwa kina Mama. Ukoo mzima ulikuja kumtazama mkwe. Dakika za mwisho ukapewa penalti, ukapiga kushoto, golikipa akaulalia mpira kana kwamba alikuwa ameagana nao. Goma wakashinda. Baada ya hapo posa yako ikakubaliwa, na mjomba wa Mama akasema mbele za watu kwamba mkwe amewaheshimu.

Alikuwa anatania. Lakini mzaha huo ulivuka mpaka haraka kuliko mfanyabiashara yeyote, ukafika Gisenyi ukiwa ni ukweli. Kichwa ameuza mechi apate mke. Ukafunga magoli baada ya hapo, mengi. Ukaenda Kigali ukafunga na huko, mpaka goti likakataa ukarudi kuuza viazi. Haikusaidia. Kila sherehe ya wajomba kule Goma kulikuwa na mtu wa kuweka chungwa chini na kusema, "Mukwe, piga!" Watu wakicheka, wewe ulicheka nao, halafu ukatoka nje kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mama alikuwa akikutazama unavyotoka. Sikuwahi kusikia akikuuliza. Mimi pia sikuuliza, ingawa nilitamani sana kujua, kwa sababu mtoto ana haki ya kujua kama alinunuliwa kwa penalti.

Basi kila jioni nilikujibu: "Kulia." Uliitikia kwa kichwa kama mchezaji mtiifu, ukakaa, ukatulia. Nilidhani nimepata dawa. Niliwasimulia hata majirani, nikajisifu.

Halafu jioni ile. Nilikuwa napinda sketi ya sare, macho kwenye sindano. Ukauliza, nikajibu kulia. Hukukaa. Ukanikaribia ukanishika mkono.

"Ikiingia, batanipa Roza?"

Papa, niliiacha sindano katikati ya pindo. Ningesema nini? Nikisema ndiyo, watakupa, basi ulikosa na kuaibika maisha yako yote bure. Nikisema hapana, basi nimekuambia ukose, na Mama, na Erike, na mimi, tumetoka katika aibu hiyo. Uliningoja. Nilikuona ukiningoja. Nikakwambia chai inapoa, nikakuketisha. Siku chache baadaye ulikuwa umeondoka, na hukuuliza tena.

Hukuuliza ukiwa hai, nataka kusema. Tangu tukuzike unauliza kila jioni. Simwambii mtu, Erike atasema nimerukwa na akili na padri atakuja na maji yake. Wavuvi wanaanza, kiti kinasogea, nanyanyua macho, kiti kiko pale pale. Lakini mkono wangu unapoa mahali uliponishika. Naogopa, Papa. Naogopa baba yangu mwenyewe, na hilo linaniuma kuliko woga.

Jana tumeanua matanga. Watu walizungumza kama desturi yetu ilivyo, kila mmoja na kumbukumbu yake, na hakuna aliyethubutu kutaja penalti. Halafu akaingia mzee mrefu na fimbo, amevuka kutoka Goma asubuhi ile. Akajitambulisha: Kambale, aliyekuwa golikipa. Hata wajomba, waliokuwa wameshakunywa, waliweka chupa chini. Nilifikiri, leo ndiyo leo, huyu ndiye mtu pekee duniani aliyeona mguu wako ukija.

Akasimulia jinsi ulivyomfunga kwa kichwa siku ya mvua, akaingia na mpira golini, akatoka na tope mdomoni. Akasimulia goli lingine, na lingine. Alikuwa anacheka na kulia. "Huyu mutu alininyimaka usingizi," alisema. Akaketi bila kugusa lile tulilolingoja.

Sikuweza kuvumilia. Nilimpelekea ugali na visamaki vya sambaza, nikapiga magoti karibu naye, nikamuuliza polepole. Penalti ile ya mwaka wa posa. Ilikuwa penalti ya kweli, au baba alikupa?

Akalirudisha tonge sahanini. Niliona anatafuta, anatafuta kweli, si mtu wa kunificha.

"Penalti gani, mutoto yangu? Mi nilikamataka mingi. Iyo siikumbuke."

Nikamwambia kushoto, dakika za mwisho, Goma ikashinda. Akatikisa kichwa, akaomba radhi kabisa, kama aliyenikanyaga. Kisha akaomba pilipili.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia mpaka shangazi akanifuata na neno lake la "ihangane", nivumilie. Walidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nalia kwa hasira. Miaka yote ile, Papa! Umeibeba penalti ile Bugeshi na kurudi, umeibeba chini ya magunia, umeibeba hata ulipokuwa umeshasahau jina la binti yako, na aliyeidaka aliitupa siku hiyo hiyo, labda kabla hajavua glavu. Hakuna tena anayejua. Kama ulikosa kwa mguu au kwa moyo, uliondoka nalo, na huenda hata wewe hukuwahi kujua.

Nimempigia Erike simu leo. Nimemwambia sihami. Akisema nyumba inanila, basi na inile, mimi ni mtoto wa nyumba hiyo. Na nakuahidi jambo moja: mtu akiniuliza kama uliuza mechi, nitamwambia sijui, bila kuinamisha uso. Chungwa likiwekwa chini kwenye sherehe ya wajomba, nitaliokota nilimenye nilile mbele yao.

Kwaheri, Papa. Lakini kwanza jibu lako, nimekuchelewesha nalo. Walikupa Roza. Alikaa nawe mpaka mvi, alikugombeza kuhusu tope sakafuni, alifia mikononi mwako akikuita kwa jina. Hilo lilikwisha kutokea na hakuna mpira unaoweza kulibadilisha. Usimwangalie kocha, usiwaangalie wakwe.

Piga unakotaka.

Klarisa