Kurohane Inafunga, Isitoke Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kurohane, wachapishaji wa michezo ya video, wanafunga ofisi yao ya London tarehe 31 Desemba. Kasema Bharti, msemaji wao, kwa barua pepe, saa nne na robo asubuhi. Watu themanini na sita wanapoteza kazi. Sharti: habari isitoke kabla ya Ijumaa saa tatu asubuhi, asiambiwe mtu. Nilikubali kabla ya kusoma — ndivyo tunavyofanya kazi sisi waandishi wa habari. Unajibu "nakubali," ndipo unatumiwa habari yenyewe. Nilidhani ni mchezo mpya.

Miska, binti wa dada yangu Suad, ni mmoja wa hao themanini na sita.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeandika historia yao. Osaka, 1961, kiwanda cha midoli ya plastiki. Mchezo wa kwanza wa video, 1984. London, 1997: watu wanne juu ya duka la mazulia. Kisha michezo mitatu mfululizo isiyouzika Ulaya. Maneno mia tisa. Safi.

Nikampigia Bharti. Wafanyakazi wanajua? Hapana, wataambiwa Ijumaa, saa ileile. Nikaomba nimwambie mtu mmoja tu. Bharti kakulia Mombasa. Jambo likiwa zito huacha Kiingereza. "Bwana Mahmood, ukimwambia mmoja umewaambia wote. Neno ulishatoa."

Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo.

Jumatano, 8 Oktoba

Ilford, kwa Suad. Miska kapata kazi kwenye benki moja Croydon. Mwisho wa kuwajibu ni kesho, saa sita mchana. Kurohane kazi yake ni kuucheza mchezo mpaka ukwame, kisha aandike umekwama wapi. Anaipenda. Akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake: abaki au aondoke? Nikasema benki ni pazuri. Akacheka — tangu lini mjomba anasifu benki? Agosti si mimi niliyemwambia Kurohane haitikisiki?

Ni mimi.

Suad akanisogezea sahani. "Miaka ishirini unaandika habari za hao Wajapani. Leo mwanangu anakuuliza, umekuwa bubu. Haya kula, chakula kinapoa."

Nikala.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa tano na nusu Miska kapiga simu. Barua ya kuwakatalia Croydon ameshaiandika, hajaituma. Kuna lolote ninalolijua? Nikamwambia sina la kusema.

Akageuza Kiswahili, ambacho hajazungumza nami tangu ana miaka saba:

"Huna, mjomba, au huwezi?"

Nikasema nitampigia kabla ya saa sita.

Bharti kaandika tena, anathibitisha: kesho, saa tatu. Mhariri wangu kaisoma habari, kaipitisha, hana swali.

Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi na moja. Namba ya Miska iko juu kabisa kwenye simu; naweka kalamu —