Chumvi ya Nyanya

Mpendwa Nekesa,

Huku Kiamunyi tu wazima, na Mama anawasalimu wewe na Nyanya huko Ndabibi. Umeniuliza kama unaweza kumtilia Nyanya chumvi kisirisiri, maana anakataa kula chakula kisicho na chumvi.

Shuleni, tulipokuwa tukichunguza damu kwa hadubini, niliona haya kuuliza chupa ipi ina maji ya chumvi, nikadondosha damu yangu kwenye maji matupu. Chembe zote za damu zikapasuka.

“Umezinywesha mpaka zimepasuka, mama!” mwalimu akacheka. Akaeleza kwamba damu inataka chumvi kwa kiasi, na kila chembe husukuma nje sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, bila kupumzika, isije ikafura.

Nyanya ana presha, tusimwongezee mzigo. Mkamulie ndimu kwenye chakula, ukae naye mpaka amalize.

Wewe umeuliza kabla ya kutia. Mimi sikuuliza.

Dadako anayekuwaza,
Nafula