Ujumbe Ambao Haukufika Sagalla

Jumatatu, Voi. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi, na sina hamu ya kuongea na mtu.

Mchana nilikuwa Sagalla. Shamba la Mama Wakesho limekwisha. Ndovu walipita Jumamosi alfajiri wakala mahindi, wakakanyaga pojo, wakavunja na tangi la maji. Kazi yangu ni kuhakikisha wakulima wanapata ujumbe kwenye simu ndovu wakikaribia. Hakuna aliyeupata, kwa sababu seva yenye nambari zao ilikuwa imezimika.

Haikuzimika yenyewe, kuna mtu aliyeizima kupitia mtandao. Programu ya hifadhidata tunayotumia ina kasoro: mtu yeyote anayeifikia kupitia mtandao, hata bila nywila, anaweza kuipelekea ombi lililovurugwa makusudi, nayo ikaanguka papo hapo. Haibiwi kitu, inazimwa tu. Watengenezaji walishatoa marekebisho. Nilijua wiki tatu kabla.

Kuyaweka ni dakika kumi tu za kuzima na kuwasha.

Lakini ofisini kwetu mashine haizimwi bila barua yenye sahihi na muhuri. Nikaandika. Bosi akaniambia, "Kitu kinawork, unakigusia nini? Ngoja wageni wa mradi waende kwanza." Wageni walipoenda, barua yangu ilikuwa chini ya trei ya chai. Namchukia kwa hilo, na sifichi.

Najichukia zaidi. Mlango wa seva kwenye mtandao niliuacha wazi mimi, ili nifanye kazi nikiwa nyumbani. Huo ningeweza kuufunga bila ruhusa ya mtu. Niliona uvivu.

Zamani wanawake wa pale walikesha kwa zamu wakipiga madebe. Sisi ndio tuliowaambia waache, walale, simu itawaamsha. Nilisema mwenyewe mkutanoni, kwa Kidawida, lugha ya huku, wakanipigia makofi.

Leo Mama Wakesho hakunilaumu. Angenitukana ningepata nafuu. Alinipa kwa mikono miwili simu yake ya kubonyeza.

"Mwanangu, hebu niangalizie hii. Haikulia. Pengine nilibonyeza vibaya."

Nikaipokea. Nikatoa betri, nikapangusa laini kwa shati, nikairudisha.

Nikamwambia sasa iko sawa.

Akanishukuru sana. Kesho napanda tena Sagalla, na sijui nitaanzia wapi kumwambia kwamba simu yake haikuwa na shida yoyote.