Mgonjwa Ni Mimi

Mollo, Sumbawanga
11 Februari 2024

Mwanangu mpendwa Salome,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba umeshauzoea ubaridi wa huko unovisini kwa masista. Sisi huku hatujambo. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika kiunoni, na magugu nayo hayataki kubaki nyuma.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki, mara ya kwanza bila wewe. Daktari ni mpya, kijana mpole. Akaniuliza, "Mama, kifafa kikikushika inakuwaje? Kinaanzaje?" Nikamwambia, "Daktari, mimi wakati huo sipo." Akacheka, nami nikacheka, lakini ningemjibu nini? Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa ukieleza, mimi nasikiliza habari zangu kama za jirani. Basi akaongeza vidonge vilevile. Sasa nasinzia mpaka shambani, nimeegemea jembe.

Baba yako mdogo Kasimiri amesema safari ijayo atanisindikiza yeye. Nimekubali. Usihangaike, kazana na sala.

Mama yako,
Zita


Mbeya
3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Unaendeleaje na usingizi huo? Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa magoti yanayolalamika kwa kusugua sakafu.

Nilipofika pale kwenye jembe nililia. Mama, unaweza kuliangukia. Hapa haturuhusiwi simu, siwezi hata kumpigia huyo daktari nikamweleza. Nimemwambia Mama Mlezi kwamba nafikiria kurudi nyumbani, niwe nakupeleka kama zamani. Wito unaweza kungoja, ugonjwa haungoji. Ameniambia nisali kwanza. Nasali, lakini begi langu nimeshalitoa chini ya kitanda.

Mwanao akupendaye,
Salome


Mollo
24 Machi 2024

Salome,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Rudisha hilo begi chini ya kitanda.

Ukirudi kwa sababu yangu utakuta mlango umefungwa kwa ndani. Sikukuzaa uwe fimbo yangu ya kutembelea. Kifafa ni changu, wito ni wako, tusichanganye mizigo.

Nilikwenda na Kasimiri. Alivaa koti la harusi. Tulipoingia akakalia kiti kilicho karibu na daktari, mimi nikabaki kwenye benchi la ukutani. Daktari anauliza, yeye anajibu. Ninalalaje, anajibu. Ninakulaje, anajibu. "Dawa anasahau huyu," akasema. Uongo mtupu! Kisha akasema, "Daktari, mwambie aache kulima, ahamie kwangu. Shamba lake nitaliangalia mimi." Na daktari naye, taratibu, akageuka akawa anaongea na yeye tu: mgonjwa wako apumzike, mgonjwa wako asikae karibu na moto.

Nikasema, "Daktari, mgonjwa ni mimi. Niko hapa."

"Shemeji, tulia," Kasimiri akasema. "Si tunakusaidia?"

Nikasimama, nikajifunga khanga yangu vizuri, nikatoka. Nikamwacha pale kwenye kiti, atibiwe yeye.

Sasa hasemi nami. Sawa. Nitakwenda peke yangu, na nikianguka njiani nitaamka, kama siku zote.

Mama yako,
Zita


Mbeya
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. U mzima? Safari hii siulizi kwa mazoea. Tangu Pasaka nakuandikia hujibu. Dereva wa parokia yetu aliyepita hapa anasema amesikia umeungua moto, zaidi hajui.

Umeungua wapi, mama? Nani anakupikia? Nani anakuchotea maji? Nisipopata jibu mwezi huu nakuja, na kama mlango umefungwa kwa ndani nitakaa hapo nje mpaka uone aibu.

Mwanao,
Salome


Kizwite, Sumbawanga
23 Juni 2024

Mwanangu Salome,

Tumsifu Yesu Kristo. Usishtuke kwa mwandiko. Anayeandika ni Naima, mwenye duka la nafaka hapa Kizwite, mimi nasema tu. Mkono wangu wa kulia uliungua. Unapona, vidole vyote vipo. Sikutaka mtu mwingine akuandikie, nilijua ungebeba begi siku hiyohiyo. Leo nakubali kwa sababu umenitisha.

Ilikuwa hivi. Nilimpelekea Naima ulezi. Nikaanguka mbele ya duka lake, mkono ukaingia kwenye jiko la mchoma mahindi. Watu wakatawanyika, wanaogopa povu kama kawaida yao. Mmoja akaja na kijiko anitie mdomoni. Naima akamfukuza, akanivuta kwenye moto, akanilaza ubavu, akakaa chini vumbini na kichwa changu juu ya mtandio wake mpaka nikajua niko wapi. (Hiyo Tumsifu si salamu yangu, mimi Mwislamu, lakini nakusalimu mwanangu. Mama yako alikuita wewe kabla hajajua mimi ni nani wala yeye yuko wapi. Hataki niandike hili. Nimeandika. Naima.)

Nilipopata nguvu nikamwuliza, "Uliona nini?" Akanieleza yote, hakupamba. Nikamwambia, "Basi utanisindikiza kliniki. Lakini mimi ndiye msemaji. Wewe utasema yale ya wakati ambao sipo."

Akasema, "Na nikikuona unaficha jambo?"

"Nikanyage mguu."

Mlangoni muuguzi akauliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema rafiki yangu. "Wanaingia ndugu tu." Nikamwambia, "Ndugu nilikuja naye, akaugua yeye." Akasema rafiki asubiri nje. Nikasema basi na mimi nasubiri nje, tukasimama palepale mlangoni, mimi na mkono wangu wenye bandeji, na Naima na pochi yake kubwa, hapiti mtu. Foleni ikaanza kununa. Nikawaambia, "Mnunieni huyo mwenye mlango, mimi ni mgonjwa kama ninyi." Bibi mmoja wa Mwazye akapiga kigelegele! Daktari akatoka kuona kuna harusi gani. Akanitambua. Akasema, "Mama Salome, ingia na unayemtaka."

Safari hii mimi ndiye niliyekalia kile kiti. Nikamwambia dawa sijawahi kuruka hata siku moja, aliyesema vile alisema ya kwake. Nikamwambia shamba langu nalima na nitalilima. Akauliza kuhusu usingizi. Nikasema si mbaya sana. Naima akanikanyaga. Haya, nikasema ukweli.

Kisha akauliza, "Kabla ya kuanguka?" Nikasema, "Hapo mwulize huyu."

Naima akamwambia, "Alinyamaza katikati ya neno. Akawa anatafuna na mdomoni hamna kitu, mkono wa kushoto unachezea pindo la khanga. Nikamwita. Ananitazama lakini hanioni. Ndipo akaanguka."

Daktari akaweka kalamu chini. Hilo hakuwa amelipata. Nawe, mwanangu, mara nyingi ulinikuta nimeshaanguka, usijilaumu. Akasema kifafa cha namna hiyo kina dawa yake, tutaibadilisha polepole. Akaniambia mimi, akinitazama machoni, kwamba huenda kisiishe, ila kitapungua.

Kwa hiyo napikiwa, nachotewa maji, na natukanwa nikifanya ubishi. Baki huko.

Mama yako,
Zita, kwa mkono wa Naima


Mbeya
20 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Naima. Mkono unaendeleaje? Hapa sote wazima.

Begi limerudi chini ya kitanda. Jumamosi tarehe 7 Desemba nitaweka nadhiri zangu za kwanza. Baba mdogo ameniandikia. Anasema nisikuite, umati utakuwa mkubwa, Askofu atakuwepo, na ukianguka mbele ya watu itakuwa fedheha kwa ukoo.

Mama, mimi sikuonei haya hata kidogo. Ila naogopa. Basi linasimama kila mahali, utachoka, hutalala vizuri, na kanisa litajaa joto. Ukiona bora ubaki upumzike, nitaelewa. Nitakuletea picha.

Mwanao,
Salome


Mollo
10 Novemba 2024

Mwanangu Salome,

Tumsifu Yesu Kristo. Mkono umepona, kama unavyoona mwandiko umepinda lakini ni wangu. Sisi hatujambo, mashamba yanangoja mvua tu. Usingizi umeniachia. Tangu dawa mpya nimeanguka, sikufichi, ila si kama zamani.

Sitaki picha. Nakuja.

Kasimiri nimemwambia fedheha yake aifungie ndani, na kama anataka kuja aje, viti vya nyuma kwenye basi bado vipo. Mimi na Naima tunakaa mbele. Tutafika siku moja kabla ili nilale. Naima aliuliza kama ataruhusiwa kanisani na mtandio wake, nikamwambia tumeshaziba mlango mmoja, hatushindwi na wa pili.

Na humo kanisani tutakaa mbele vilevile. Sikai karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kutolewa nje.

Nikianguka, usigeuke. Watu watageuka, Askofu anaweza kugeuka, wewe hapana. Endelea kusoma nadhiri zako, kwa sauti, na usome polepole, ili nikizinduka nizikute hazijaisha. Naima anajua la kufanya.

Mama yako,
Zita